Kifuniko Kimefungwa, Feni Inaunguruma

"Shika hapa," dada aliniambia kabla hata hajakaa.

Alikuwa ametoka Morogoro moja kwa moja baada ya kipindi cha mwisho cha Ijumaa, akashuka stendi ya Mbezi, akapanda daladala mpaka kwangu, na begi lilikuwa bado begani. Niliweka kiganja ubavuni mwa begi. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Tukaitoa laptopu. Kifuniko kimefungwa vizuri, feni inaunguruma, na betri iliyotoka shuleni ikiwa imejaa ilikuwa karibu kuisha.

"Nimeifunga mwenyewe," alisema. "Kama ninavyoifunga siku zote."

Dada si mtu wa kulalamikia vifaa. Ni mwalimu wa Biolojia sekondari, laptopu yake ni ya mtumba, aliinunua kwa fedha zake, na ndani yake mna maswali ya mitihani, maandalio ya vipindi na alama za wanafunzi. Safari moja kabla ya hiyo ilizimika njiani na alama za kidato cha pili alizokuwa hajazihifadhi. Usiku ule alikaa akiziingiza upya kutoka kwenye karatasi. Hakunilaumu, ingawa ni mimi niliyemwekea Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows.

Jambo hilo lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Joto lenyewe halikunishangaza, maana kila laptopu hupata joto. Nilichoshindwa kukimeza ni kwamba mtu anafanya tendo moja lililo wazi kabisa, anafunga kifuniko, mashine haitii, na wala haimwambii kwamba haikutii.

## Giza la skrini

Ukifunga kifuniko, skrini inazima. Ukiinua kidogo ukachungulia, unakuta giza. Basi unaamini imelala.

Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Kuzima skrini ni kazi moja na kulala ni kazi nyingine. Zinashughulikiwa na sehemu tofauti za mfumo, na ya kwanza inaweza kufanyika vizuri huku ya pili haijaguswa.

Mashine inapolala kweli, kwa ule usingizi mzito ambao wahandisi wanauita S3, prosesa inakatiwa umeme, diski inasimama, feni inanyamaza, na kinachobaki kikipata umeme kidogo ni RAM, ili kazi ulizofungua zisipotee. Iliyozima skrini tu inaendelea na shughuli zake zote, safari hii ndani ya begi lililoziba matundu yake ya hewa. Prosesa inajipunguza kasi ili isiungue, na joto likizidi kiwango, mashine inajizima yenyewe kwa ghafla. Hivyo ndivyo zile alama zilivyopotea. Betri nayo inaumia polepole, kwa sababu betri za lithiamu huzeeka haraka zikikaa kwenye joto, na betri mpya ya kuaminika si kitu cha kupata kirahisi ukishaingia madukani.

Kwa hiyo usiamini macho. Sogeza sikio kwenye feni, kisha tazama taa ya umeme. Kwenye laptopu ya dada, taa inawaka bila kukatika mashine ikiwa macho, na inawaka na kuzima polepole ikiwa imelala.

## Washukiwa wa mwanzo

Mshukiwa wa kwanza alikuwa Linux, na nakiri hilo liliniuma, kwa sababu walimu wenzake walishamwambia: rudisha Windows, yataisha. Sikuwa na cha kuwajibu. Mfumo wenyewe niliuchagua kwa sababu mashine ni ya zamani kidogo na RAM yake ni ndogo, na kwa mambo mengine yote ilikuwa imeamka kama mpya.

Wa pili alikuwa kihisi cha kifuniko. Fundi wa Morogoro alishampa hukumu: "Mwalimu, sensa imekufa. Ukitaka uhakika, tubadilishe ubao mzima." Ubao mama mzima kwa bei ile ni karibu na kununua laptopu nyingine.

Dada aliniachia mashine kwa siku chache, nikaipeleka kwa fundi mwingine, Kariakoo, kijana mtaratibu asiyependa kufungua kitu kabla ya kuelewa. Hakugusa hata bisibisi. Alichukua sumaku ndogo, akaipitisha taratibu kando ya kibodi. Ilipofika karibu na kona ya kushoto, skrini ikazima. Akaiacha sumaku palepale. Baada ya muda mfupi feni ikanyamaza na taa ikaanza kuwaka na kuzima.

"Sensa nzima," alisema. "Na inalala vizuri. Tatizo liko wapi?"

Anachokitegemea fundi huyo ni jambo lililogunduliwa na Edwin Hall mwaka 1879: umeme unaopita kwenye kipande cha metali ukikaribiwa na sumaku, unasukumwa upande mmoja, na volti ndogo inatokea ubavuni. Laptopu nyingi zina sumaku ndogo kwenye kifuniko na kihisi cha aina hiyo chini yake. Hakuna kitufe kinachobonyezwa, hakuna kinachochakaa. Ndiyo maana vihisi hivi hufa mara chache kuliko mafundi wengine wanavyodai, na ndiyo maana jaribio la sumaku linafaa kufanywa kabla ya mtu kukutajia bei ya ubao.

Nilimlipa muda wake, nikatoka nikiwa na wasiwasi kuliko nilivyoingia. Mashine mbovu ningeielewa. Hii ilikuwa nzima.

## Mbele ya wageni ina adabu

Nyumbani niliisafisha meza, nikachomoa kila kilichokuwa kimechomekwa, flashi, mausi, adapta, chaja, ili nijaribu mashine ikiwa tupu. Nikafunga kifuniko. Ikalala. Nikafungua, ikaamka. Nikafunga tena papo hapo.

Haikulala.

Nikafungua, nikafunga. Feni inaendelea. Nilidhani nimelikamata tatizo. Baadaye nikaiacha ikae macho wakati nakunywa chai, nikajaribu upya, ikalala bila ubishi.

Ilinichukua muda kujua kwamba hapo nilikuwa nafuata nyayo za mnyama mwingine kabisa. Sehemu ya Linux inayosimamia kifuniko inaitwa systemd-logind, na ina kanuni isiyosemwa sana: mashine ikishawaka au ikishaamka, kwa sekunde 30 za mwanzo haiitikii kifuniko. Sababu yake ni ya maana. Vifaa vya USB na skrini za nje huchelewa kujitambulisha, na mfumo unataka kuwapa muda watambulike kabla ya kuamua kulala. Ukiisubiri, nusu dakika ikiisha, inalala. Lakini anayejaribu kwa pupa, fungua, funga, fungua, funga, atajikusanyia ushahidi wa uongo mezani pake mwenyewe.

Kama unachunguza laptopu yako, chukua hili hata kama utaacha mengine yote: kati ya jaribio na jaribio, ngoja dakika nzima.

Nikishakuwa na subira hiyo, mashine ililala kila nilipoifunga. Kwangu ililala, kwa fundi ililala. Kwa dada, njiani, haikulala. Niliirudisha Morogoro bila kuitibu, na maneno ya fundi yalinisindikiza: tatizo liko wapi?

## Kilichoandikwa ndani

Mashine inayotumia Linux huandika inachokifanya, na kumbukumbu hizo mara nyingi hukaa hata ikizimwa. Amri ya kuzisoma upande wa kifuniko ni hii:

`journalctl -u systemd-logind`

Dada aliiandika jioni moja, nikiwa kwenye simu, akanitumia picha za skrini. Tukaanza kusoma wote wawili, yeye kwake, mimi kwangu. Siku ambazo mashine ilikuwa kwangu, mistari ilikuja kwa jozi: kifuniko kimefungwa, kisha mara moja, mfumo unakwenda kulala. Siku zake za shule zilikuwa tofauti. Kifuniko kimefungwa, saa tisa alasiri. Kifuniko kimefunguliwa, saa kumi na moja.

Katikati hapakuwa na kitu.

Kwangu hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kihisi kilifanya kazi. Taarifa ilifika. Mtu aliyepaswa kuichukua aliisikia, akaiandika, kisha hakufanya lolote. Mashine ilijua vizuri kabisa kwamba imefungwa.

Ili kuelewa kwa nini hilo linawezekana, inabidi kurudi nyuma kidogo. Mpaka katikati ya miaka ya 1990, usimamizi wa umeme kwenye kompyuta hizi ulikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa BIOS, programu iliyochomwa ndani ya mashine kiwandani. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni mpya zinazoitwa ACPI, na uamuzi ukahamia kwenye mfumo endeshi. Tangu hapo kifuniko hakizimi kitu. Kinapeleka habari. Mfumo unaipokea, unaangalia mipangilio, unasikiliza kama kuna programu yenye pingamizi, halafu ndipo unaamua.

Mimi hutumia kompyuta kila siku kwa kazi yangu, na bado mkono wangu ulikuwa unaamini kwamba kufunga ni kuzima. Nadhani mikono mingi inaamini hivyo.

## Mwenye kufuli

Mwenye pingamizi hujiandikisha. Programu inayotaka mashine isilale, kwa mfano inayosasisha mfumo, huchukua kitu ambacho tunaweza kukiita kufuli, ikataja jina lake na sababu yake. Orodha ya makufuli hayo inasomwa kwa amri moja:

`systemd-inhibit --list`

Nilikuwa nimeshaiandika kwangu, na sikuona chochote cha kushangaza. Safari hii nilimwomba dada aiandike akiwa shuleni, mchana, kabla hajaweka mashine begini, bila kuchomoa wala kufunga kitu.

Picha ilikuja kwenye WhatsApp. Katika orodha kulikuwa na mstari ambao kwangu haukuwepo. Mwenye kufuli ni gsd-power, sehemu inayosimamia umeme ya GNOME, yaani eneo-kazi (madirisha na menyu) la Linux yake. Anachokizuia ni kifuniko. Sababu aliyoiandika, kwa Kiswahili: skrini ya nje imeunganishwa, au mpangilio wa skrini umebadilika karibuni.

Nikampigia.

"Dada, uko kwenye projekta?"

"Niko ofisi ya walimu. Projekta iko stoo."

"Kuna skrini nyingine hapo?"

"Hakuna kitu hapa, mdogo wangu. Kuna madaftari."

"Kwenye laptopu kumechomekwa nini?"

Akanyamaza kidogo, akiangalia. "Hakuna. Adapta tu."

Nilimwomba afunge kifuniko, asubiri, asikilize. Feni ilikuwa inaendelea. Kisha nikamwomba achomoe adapta, bila kufungua kifuniko. Nilisikia madaftari yakisogezwa, sauti za walimu wengine, mtu akimsalimia shikamoo mwalimu.

"Imenyamaza," dada akasema. "Taa inawaka na kuzima."

## Kipande kinachojibu kwa niaba ya skrini

Projekta ya shule ni ya zamani, ina tundu la VGA peke yake, aina ya tundu ambayo IBM waliitoa mwaka 1987 na bado inaishi katika shule na kumbi zetu. Laptopu ina HDMI tu. Kati yao kuna adapta, kipande chenye kebo fupi inayotoshea kiganjani. Shule nzima ina moja. Dada ndiye anayeitunza, na kwa kuwa vitu vidogo hupotea katika ofisi ya walimu, aliamua adapta ikae palepale kwenye laptopu, mahali ambapo hawezi kuisahau. Huo ni uamuzi wa mtu makini.

Wengi tunaiona adapta kama waya tu. Ndani yake mna chipu, inayopata volti 5 kutoka kwenye HDMI na kugeuza picha ya kidijitali kuwa mawimbi ya VGA. Skrini nyingi, zinapounganishwa, hujitambulisha kwa kompyuta kwa kadi fupi ya taarifa inayoitwa EDID, kuanzia baiti 128, zinazosema mimi ni nani na naweza kuonyesha picha za ukubwa gani. Baadhi ya adapta za aina hii zina kadi yao wenyewe ya akiba. Upande wa VGA usipojibu mtu, adapta inajibu yenyewe: nipo, nitumie picha.

Laptopu haina njia ya kujua kwamba mkia wa adapta unaning'inia hewani. Kwake yeye, kuna skrini. Unaweza kuyaona mawazo yake kwa `cat /sys/class/drm/*/status`. Neno connected, yaani imeunganishwa, likitokea mara mbili, mashine inaamini ina skrini mbili. Na GNOME ina kanuni kwamba kifuniko kikifungwa huku kuna skrini ya nje, mwenye mashine huenda anafanyia kazi kwenye skrini hiyo kubwa, kwa hiyo usimlalie.

Kwa fundi adapta haikuwepo, ilibaki kwenye mfuko wa begi. Kwangu niliichomoa pamoja na flashi, kama mtu yeyote anavyosafisha meza kabla ya kupima. Kila aliyetaka kuitibu mashine aliivua kwanza ugonjwa wake.

## Mstari mmoja unaopendekezwa kila mahali

Ukitafuta tatizo hili utakutana na ushauri uleule: fungua faili `/etc/systemd/logind.conf`, weka `HandleLidSwitchDocked=suspend`, uwashe mashine upya. Nilimtumia dada kabla sijafikiri sana, tukajaribu adapta ikiwa imechomekwa.

Haikubadilisha kitu.

Inafaa kueleza kwa nini, maana ushauri huo si wa uongo. Unafaa pale ambapo logind, ile systemd-logind ya awali, ndiye anayeamua. Na logind ana mipangilio mingine inayomruhusu apuuze baadhi ya makufuli mtu anapofunga kifuniko, na kwa kawaida huyapuuza. Lakini yale anayoyapuuza ni ya jumla, yanayosema mfumo usilale. Kufuli la GNOME ni la aina nyingine. Linasema suala la kifuniko niachie mimi. Kufuli la namna hiyo huheshimiwa daima, uandike nini kwenye faili. Kwa mtu anayetumia eneo-kazi jepesi lisilochukua kufuli hilo, mstari uleule ungetibu.

Unapoona watu wawili wanabishana, mmoja akisema umenisaidia na mwingine akisema hausaidii, mara nyingi wote wanasema kweli. Waulize kwanza wanatumia nini juu ya Linux yao.

Kulikuwa na njia za kulazimisha. Ningeweza kuiambia kompyuta isiitambue HDMI kabisa, lakini hapo dada asingefundisha. Ningeweza kuandika programu ndogo ya kuvunja kanuni ya GNOME. Hiyo ndiyo niliyoitaka, nikawa nimeshaanza, mpaka nilipomuuliza swali moja ambalo nilipaswa kuliuliza kabla ya kugusa kibodi: darasani unaitumiaje?

## Kumbe darasani ilikuwa inamtumikia

"Nikiweka video ya moyo au ya mapafu naifunga," alisema. "Chaki inaingia kwenye kibodi. Na wanafunzi wakiona skrini mbili wanachanganyikiwa watazame ipi."

Naifunga.

Kila kipindi chenye video, dada anafunga kifuniko, mashine inaendelea, picha inabaki ukutani. Hakuwahi kujiuliza kwa nini inaendelea. Kwake lilikuwa jambo la kawaida, laptopu inajua kwamba inafundisha. Kanuni niliyotaka kuivunja ndiyo iliyokuwa inashikilia vipindi vyake vyote.

Niliacha ile programu. Nikakaa na jambo hilo kwa muda, kwa sababu lilinibadilishia swali lenyewe. Nilikuwa nimeanza na hasira kwamba mashine haimtii dada. Sasa niliona kwamba dada anatoa ishara ileile mara mbili kwa siku, akimaanisha mambo yanayopingana. Saa nne asubuhi, kufunga maana yake endelea. Saa tisa alasiri, kufunga maana yake pumzika. Mashine inaona sumaku imekaribia kihisi, na adapta inasema kuna skrini. Nyakati zote mbili, dalili hizo ni zilezile.

Aliyeandika kanuni hiyo hakukosa akili. Alifikiria meza yenye skrini kubwa. Hakufikiria shule yenye adapta moja inayotunzwa na mtu makini.

"Sawa," dada akasema nilipomweleza yote. "Lakini mbona haikuniambia?"

## Hapo ndipo ninapolaumu

Mashine ilijua kwamba imefungwa. Ilijua kwamba haitalala. Ilikuwa na sababu, iliyoandikwa vizuri, pamoja na jina la aliyeiweka. Yote hayo yalikuwa ndani, na mwenye mali alikuwa nje, ameshika begi, anawahi basi.

Mlio mmoja mfupi wakati wa kufunga ungetosha. Spika ipo. Mashine inalia flashi inapochomekwa na inalia chaji inapopungua, lakini haisemi kitu inapoamua kubaki macho ndani ya kifuniko kilichofungwa, uamuzi unaoweza kuua betri na kupoteza kazi. Naliona hilo kuwa pungufu kubwa la heshima kwa mtumiaji, na nalisema kwa upendo, kwa sababu programu hizi zinaandikwa na watu wengi kwa moyo, na mimi naishi nazo.

Kuna swali la pili ambalo lingesaidia hata bila mlio: je, mashine iko kwenye umeme? Apple wanataka chaja iwe imechomekwa kabla Mac iliyofungwa haijaendelea na skrini ya nje. Fikiria hilo kwenye shule ya dada. Projekta haiwaki bila umeme wa ukutani, na pale penye umeme wa projekta laptopu nayo iko kwenye chaja. Begini hakuna soketi. Kinachotenganisha darasa na begi kipo, mashine inakijua kila sekunde, ila haikiulizi wakati huo. Logind ana mpangilio wake wa umeme wa nje, lakini anaanza kuangalia skrini. Akishaona kuna zaidi ya moja, hafiki kwenye umeme.

## Tulichokifanya

Hatukuvunja kanuni. GNOME ina usingizi mwingine, ule wa mashine iliyokaa bila kuguswa, na mipangilio yake imegawanywa: ikiwa kwenye chaja, na ikiwa kwenye betri. Kwa dada yote miwili ilikuwa imezimwa tangu mwanzo, ili slaidi zisizime katikati ya maelezo. Tumeuwasha wa betri peke yake, dakika 15. Usingizi huu haujali kufuli la kifuniko. Darasani, mashine ikiwa kwenye chaja, haumhusu. Umeme ukikatika, projekta imezima na kipindi cha video kimekwisha hata hivyo.

Dakika 15 begini bado ni nyingi kwangu, kwa hiyo kitufe cha kuwashia tumekiwekea kazi ya kulaza. Anakibonyeza, anangoja taa ianze kuwaka na kuzima, ndipo anafunga. Akisahau kitufe, betri inamkumbukia. Adapta inaendelea kukaa ilipokaa. Nilimshauri aichomoe, akakataa, na ana haki. Ikipotea, ni yeye atakayefundisha mapafu kwa kuchora ubaoni.

Habari zilipoenea ofisini, mwalimu wa Kemia naye akaleta malalamiko yake. Yeye ana Windows, laptopu mpya zaidi, begi la moto vilevile, ila yeye hana adapta. Tumeanza na `powercfg /a`, inayoonyesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza, na kwake S3 haimo kabisa. Ina ule usingizi mwepesi ambao Microsoft wanauita Modern Standby, ambapo mashine haizimiki bali inajipunguza, na inaweza kuendelea kuwasiliana na mtandao ikiwa imefungwa. Kwa hiyo kwake kufunga kunafanya kazi. Kinachoiamsha ndani ya begi ndicho hatujakijua. Amemwachia dada ripoti ya `powercfg /sleepstudy`, faili refu lenye kila kipindi cha usingizi na nani alikuwa macho, na dada amenitumia jana usiku na ujumbe mmoja: "Anza na Jumanne, siku hiyo ilizimika."